TUIJUE NCHI YETU: Jiwe jeusi la Tukuyu na fumbo la uwanda wa Ufipa

Ndugu msomaji, safari ya basi kutoka Sumbawanga hadi Tukuyu, kwa kupitia Laela, Tunduma, Vwawa na Mbeya, ni safari ya kuchosha kiuno. Lakini kwa mtu mwenye macho ya kutazama, safari hiyo ni darasa zima, tena darasa lisilodai ada zaidi ya nauli. Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Leo nakusudia tuokote jiwe.

Asubuhi msafiri huuacha mji wa Sumbawanga, ulio kwenye kimo cha meta 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, milima ya Mbizi ikiwa nyuma yake. Huyaona mashamba ya mahindi, maharage na ulezi yamelala juu ya uwanda mpana wa Ufipa, na udongo wake una punje za mchanga zinazometameta juani. Alasiri, gari likiisha kupita Mbeya na kuanza kuizunguka milima ya Rungwe, dunia hubadilika rangi. Udongo ni mweusi na mzito. Migomba imesongamana, chai imefunika vilima kama zulia, na kando ya barabara akina mama wanauza viazi vilivyojaa ndoo.

Hapo ndipo mtoto anapouliza swali lake. "Mama, mbona kwa bibi Tukuyu migomba inaota hata nyuma ya jiko, na kwetu Ufipa baba analima matuta kila mwaka mpaka mgongo unamuuma?" Mama aliyechoka na safari hujibu, "Ndivyo Mungu alivyopanga, mwanangu." Jibu hilo halina kosa. Lakini Mwenyezi Mungu alipopanga aliacha pia alama za kusomwa, na mtoto aliyeuliza swali zuri kama hilo anastahili kusomewa alama hizo. Jumapili hii tujaribu kumjibu.

MAWE MAWILI MKONONI

Chukua jiwe la Ufipa mkono wa kushoto, na jiwe la Tukuyu mkono wa kulia. La Ufipa aghalabu ni jiwe la rangi nyepesi, lenye mistari iliyojikunja kama mkeka uliosukwa, na ndani yake mna ulanga unaong'aa pamoja na punje ngumu nyeupe zinazofanana na kioo. Jiwe hili ni kongwe mno. Miamba mingi ya Ufipa imo katika ukanda ambao wataalamu wanauita Ubende, na historia yake inarudi nyuma kiasi cha miaka milioni 2,000.

Jiwe la Tukuyu ni jeusi na zito kuliko unavyolitarajia. Mara nyingi lina vitundu vidogo kama vya mkate, ambavyo ni nyumba zilizoachwa na gesi. Ukilivunja na kulitazama kwa makini, waweza kuziona punje za kijani kibichi zinazong'aa kama vipande vya chupa. Mwamba huu huitwa basalti, na punje zile za kijani huitwa olivini. Watu wengi wameuona mwamba wa lava katika Daraja la Mungu, pale mto Kiwira unapopita chini ya tao la jiwe ambalo hakuna fundi aliyelijenga.

Sasa tuyapime mawe haya kwa kemia. Ukilisaga jiwe jepesi la aina ya matale na kulipima, utakuta kwamba katika kila sehemu 100, sehemu 70 au zaidi ni silika, yaani kitu kile kile kinachofanya mchanga na kioo. Sehemu zinazobaki ni chache, na chokaa, chuma na magnesiamu ndani yake ni haba. Ukilisaga jiwe la basalti, silika ni sehemu 45 hadi 52 tu. Nafasi iliyobaki imejazwa na chuma, ambacho ndicho huleta weusi na uzito, pamoja na magnesiamu na kalsiamu. Basalti za upande wa Rungwe zina jambo la ziada: zina sodiamu na potasiamu kwa wingi kuliko basalti za sakafu ya bahari, na fosforasi nayo haikusahauliwa.

Mkulima akiyasikia majina hayo hutega sikio. Potasiamu, fosforasi, kalsiamu na magnesiamu ni vyakula vya mmea, na baadhi yake ndivyo tunavyovinunua dukani ndani ya mifuko ya mbolea. Basi swali la mtoto limeanza kujibika: shamba la bibi limekaa juu ya jiwe lenye chakula. Lakini swali jipya linazaliwa. Jiwe hilo lilitoka wapi na akiba hiyo?

JIKO LILILO CHINI YA MIGUU YETU

Ardhi tunayoikanyaga ni ganda tu. Chini ya bara, ganda hilo lina unene wa kilometa 35 hadi 40 katika sehemu nyingi. Chini ya ganda kuna tabaka nene linaloshuka hadi kilometa 2,900, ambalo kwa Kiswahili limekwisha kuitwa koti la dunia. Na katikati kabisa kuna kiini, ambacho kwa sehemu kubwa ni chuma. Basalti ni mtoto wa koti.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba chini ya ganda kuna bahari ya moto inayochemka, na kwamba mlima wa moto ni tundu la kuimwaga. Sivyo. Koti la dunia ni mwamba mgumu, ingawa lina joto la kutisha na husogea polepole mno, kiasi cha sentimeta chache kwa mwaka. Sasa mwamba mgumu unawezaje kuzaa mto wa moto? Jibu tulitafute jikoni.

Mama aliyehamia Sumbawanga kutoka Dar es Salaam atakwambia kwamba maharage ya Ufipa ni magumu kuiva. Si maharage, dada yangu, ni kimo. Pwani, maji huchemka yakifika nyuzi 100 za joto. Kwenye kimo cha Sumbawanga, hewa inayoyakandamiza maji ni pungufu, na kwa hiyo maji huanza kuchemka yakifika nyuzi 94 hivi. Yanatokota kweli, lakini hayana joto la kutosha kuyalainisha maharage upesi. Ndiyo maana mpishi hodari huweka jiwe juu ya kifuniko cha sufuria, ili mvuke ubanwe na joto lipande.

Miamba nayo hufuata kanuni ya namna hiyo. Mwamba ulio kilometa 100 chini una joto ambalo lingetosha kuuyeyusha kama ungekuwa hapa juu. Hauyeyuki kwa sababu umebanwa na uzito wa miamba yote iliyo juu yake. Kifuniko chake kina jiwe zito. Lakini mwamba huo ukiinuka pole pole na joto lake, mgandamizo hupungua, na siku moja huanza kuyeyuka bila kuongezewa hata kijinga kimoja cha moto. Hivyo ndivyo basalti nyingi duniani zinavyozaliwa: moto haukuongezwa, bali kifuniko kilifunuliwa. Lava ya basalti inapotokeza juu ya ardhi huwa na joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200.

TUI LA KWANZA

Hapa pana jambo zuri zaidi, na kila anayejua kukuna nazi atalielewa. Mwamba wa koti hauyeyuki wote. Kwa lava kama zile za Rungwe, huyeyuka sehemu chache tu katika kila sehemu 100, na zilizobaki huwa machicha. Sasa, ndani ya fuwele za koti kuna elementi ambazo hazikai vizuri, kama mgeni mnene katika kiti chembamba. Potasiamu ni mojawapo, na fosforasi vilevile. Mwamba unapoanza tu kuyeyuka, elementi hizo ndizo za kwanza kutoka. Kwa hiyo rojo la mwanzo, lililo kidogo, hutoka zito na tamu kama tui la kwanza. Mwamba ukiendelea kuyeyuka zaidi, rojo huwa jingi lakini jepesi, kama tui la pili na la tatu.

Basalti za sakafu ya bahari kuu ni tui la pili. Zile za Rungwe ni tui la kwanza. Na hiyo, ndugu msomaji, ni sababu mojawapo kubwa ya migomba kuota nyuma ya jiko la bibi.

Kuna na sababu nyingine. Mwaka 1995 mtaalamu wa Marekani, Tanya Furman, alichapisha uchunguzi wake kuhusu lava za Rungwe. Kemia yake ilimwonyesha kwamba sehemu ya juu ya koti, ile iliyogandamana na ganda la bara tangu kale, ilikuwa imekwisha kupenyezwa na vimiminika vyenye elementi nyingi kabla haijayeyuka. Ni kama nyama iliyolazwa na viungo usiku kucha: asubuhi ukiitia motoni, mchuzi wake hauwi sawa na wa nyama iliyotoka buchani muda huo huo.

MASHAHIDI WALIOTOKA MBINGUNI

Msomaji makini ataniuliza: wewe na hao wataalamu wako, ni nani aliyekwenda kilometa 100 chini akalipima koti? Hakuna. Shimo lenye kina kuliko yote ambalo binadamu amewahi kulichimba, kule Kola nchini Urusi, lilizidi kilometa 12 kidogo tu. Lakini kuna mashahidi, na wawili kati yao wako jirani zetu kabisa.

Shahidi wa kwanza ni kimondo cha Mbozi, kilichopo si mbali na Vwawa, katika njia ile ile ya basi letu. Ni bonge la chuma na nikeli linalokisiwa kuwa na uzito wa tani 16. Vimondo vya chuma vinatuonyesha jinsi miili ya angani ilivyojipanga ilipoyeyuka zamani: chuma kizito kilizama katikati, na mawe mepesi yakaelea juu. Dunia yetu ilifanya vivyo hivyo, na ndiyo maana kiini chake ni chuma na koti lake ni jiwe.

Shahidi wa pili si maarufu miongoni mwetu, ingawa maabara za dunia nzima zinamheshimu. Tarehe 16 Desemba 1938, huko Ivuna, katika bonde la Rukwa upande wa kusini, kilianguka kimondo cheusi na chepesi kinachovunjika kama kipande cha makaa. Kilichookotwa hakifiki hata kilo moja. Ni gramu 705 hivi tu. Lakini kemia yake ni ya ajabu. Ukiondoa gesi zinazotoroka kwa urahisi, viwango vya elementi ndani yake vinakaribiana sana na vile vya jua lenyewe. Ni unga ambao haujapikwa, ule ule ambao sayari zilikandwa nao miaka milioni 4,560 iliyopita. Vimondo vya aina hii duniani vinahesabika kwa vidole, na kundi lao limepewa jina kutokana na kijiji chetu: kundi la Ivuna. Hata mwaka 2020, chombo cha Wajapani kilipoleta mchanga kutoka sayari ndogo ya Ryugu, wataalamu waliulinganisha na jiwe la Ivuna na kukuta kwamba ni ndugu.

Hesabu ya koti basi huanzia hapo. Chukua unga wa Ivuna, toa vile vinavyoruka kwa joto, toa chuma kilichozama katika kiini, nawe utakaribia kuijua asili ya koti. Kisha linganisha hesabu yako na vipande vya koti ambavyo volkano fulani huvileta juu vikiwa vizima ndani ya lava. Mahesabu yakipatana, ushahidi umesimama.

GESI ISIYOSEMA UONGO

Ushahidi mwingine ni wa gesi ya heliamu. Heliamu ni ya namna mbili. Ile nzito huzaliwa kila siku ndani ya miamba, urani na thoriamu zinapochakaa. Ile nyepesi kwa sehemu kubwa ni akiba ya kale, iliyofungiwa ndani ya dunia tangu ilipoumbwa. Kwa hiyo mwamba wa ganda, wenye urani nyingi, hutoa heliamu ambayo karibu yote ni nzito. Na kadiri unavyoona nyepesi imezidi, ndivyo unavyojua kwamba kuna kitu kimepanda kutoka chini sana, mahali ambapo akiba ya kale haijaguswa.

Wataalamu hupima uwiano wa namna hizo mbili na kuulinganisha na ule wa hewa tunayovuta. Basalti za sakafu ya bahari zina uwiano mara 8 hivi ya ule wa hewa. Mwaka 2011 David Hilton na wenzake walichapisha vipimo vya gesi iliyofungiwa ndani ya fuwele za lava na majivu ya Rungwe, na wakapata uwiano uliofika mara 15. Ganda haliwezi kuutoa uwiano huo, wala koti la juu peke yake. Ilibidi wakiri kwamba chini ya Mbeya na Rungwe kuna joto linalopanda kutoka vilindini mwa koti. Wapimaji wa mawimbi ya matetemeko nao wameona eneo kubwa la koti lenye joto, linaloanzia karibu na kiini chini ya kusini mwa Afrika na kupanda kwa mshazari kuelekea kwetu Afrika Mashariki.

Basi jiwe jeusi la Tukuyu lina wazazi wawili: moto uliopanda kutoka mbali, na tabaka la kale lililolazwa na viungo. Usione vyaelea, vimeundwa.

KWA NINI SI UFIPA?

Sasa turudi kwenye fumbo. Uwanda wa Ufipa umekaa katikati ya mipasuko miwili ya Bonde la Ufa. Magharibi liko Ziwa Tanganyika, lenye kina cha meta 1,470. Mashariki kuna ukuta wa miamba unaoshuka kiasi cha meta 1,000 hadi Ziwa Rukwa. Kama volkano huja na mpasuko, mbona Ufipa, iliyopasuliwa pande zote mbili, haina mlima wa moto hata mmoja?

Jibu ni kwamba mpasuko peke yake hautoshi. Tawi la magharibi la Bonde la Ufa, lililo refu mno, lina volkano katika sehemu chache tu: magharibi mwa Uganda, Virunga, kusini mwa Kivu, na Rungwe. Kwingineko ganda hupasuka, ardhi hutetemeka, maziwa hujaa maji, lakini rojo halipati njia. Rungwe ina bahati yake, au tuseme hatari yake: imekaa kwenye njia panda, pale bonde la Rukwa, bonde la Usangu na bonde la Ziwa Nyasa yanapokutana. Penye njia panda nyufa hukatana, na penye nyufa zinazokatana rojo hupata mlango. Na mlango huo ni wa zamani. Mwaka 2013 watafiti walitangaza mabaki ya nyani wa kale, Rukwapithecus na Nsungwepithecus, kutoka kusini mwa bonde la Rukwa; umri wao, miaka milioni 25, ulitambuliwa kwa msaada wa majivu ya volkano yaliyolala pamoja nao. Wala mlango haujafungwa kabisa. Mlima Kyejo ulimwaga lava karibu mwaka 1800, na wazee wa Unyakyusa walizihifadhi habari zake katika masimulizi.

Lakini Mfipa asijione mnyonge. Mwaka 2012 mtaalamu wetu Nelson Boniface wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwa na mwenzake Volker Schenk wa Ujerumani, alichapisha habari za mawe ya ajabu yaliyomo katika miamba ya Ufipa. Mawe hayo huitwa eklojaiti. Yana ganeti nyekundu iliyotawanyika ndani ya madini ya kijani, na kila eklojaiti ilianza maisha yake ikiwa mwamba wa aina ya basalti. Kisha basalti hiyo ilisukumwa chini sana, ikabanwa mpaka fuwele zake zikabadilika, halafu ikarudishwa juu. Ile ya Ufipa ilipita katika mgandamizo huo kati ya miaka milioni 590 na 520 hivi iliyopita. Nyingine, zilizomo katika ukanda huo huo wa Ubende, zina umri wa karibu miaka milioni 1,900, na kemia yake ni ya sakafu ya bahari.

Hebu lifikirie jambo hilo, ndugu msomaji. Mahali ambapo leo kondakta anaita abiria wa Laela, kale palikuwa na bahari jirani, ikafungwa mabara mawili yalipogongana. Ufipa haikukosa basalti. Basalti yake imezeeka, imesafiri chini na kurudi, na sehemu kubwa ya uwanda imefunikwa na miamba mingine.

JIWE MOJA, NCHI MBILI

Mtoto wetu angeweza kudhani sasa kwamba penye basalti pana migomba. La hasha. Mpeleke kaskazini mwa Kenya, kati ya Marsabit na Ziwa Turkana, ukingoni mwa jangwa la Chalbi. Huko basalti imelala kilometa kwa kilometa, mawe meusi yaliyoungua kwa jua, na mfugaji huyapita na ngamia wake akitafuta majani. Mpeleke Arabuni, ambako mwaka 1256 lava ilibubujika karibu na mji wa Madina, ikatiririka zaidi ya kilometa 20 kwa muda wa siku 52. Hadi leo uwanja wa mawe yake ni mweusi na mkavu.

Kemia ni ya ukoo mmoja, na asili ni ile ile ya koti. Kinachotofautiana ni maji. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Sehemu za Turkana hazifiki hata 250. Mvua, hewa na mizizi ndivyo vinavyolifungua ghala la jiwe, punje kwa punje, na kulifanya udongo. Jangwani ghala limejaa lakini mlango umefungwa. Naam, utajiri usio na ufunguo hauna tofauti na umaskini.

FAIDA YETU NYUMBANI

Elimu isiyofika shambani wala nyumbani ni mapambo. Basi tuvune mambo matatu.

La kwanza ni udongo. Udongo wa uwanda wa Ufipa umetokana na miamba yenye silika nyingi, tena umesafishwa na mvua kwa muda mrefu mno. Chakula chake ni kichache, na mahali pengi una asidi. Wazee wa Kifipa walilijua hilo bila maabara. Ndiyo maana walibuni kilimo cha ntumba, yaani kuyafukia majani ndani ya matuta ili yaoze na kuirudishia ardhi nguvu. Ile haikuwa kazi ya watu wasiojua njia ya mkato. Ilikuwa kemia ya watu wanaoijua ardhi yao. Anayechoma mabua na majani yake leo, kisha akalalamika kwamba ardhi imechoka, ameunguza mbolea ya babu yake. Kabla ya kununua mbolea kwa kufuata mkumbo, peleka udongo ukapimwe; maafisa ugani na watafiti wa kilimo, kama wale wa Uyole huko Mbeya, ndio wa kuulizwa. Shamba lenye asidi laweza kuhitaji chokaa kwanza, la sivyo fedha ya mbolea hupotea. Ndugu zetu wa Rungwe nao wasilale: udongo wa majivu ya volkano una tabia ya kuishika fosforasi kwa nguvu na kuinyima mimea, na mvua kubwa huuosha mlimani. Hata tui la kwanza huisha.

La pili ni gesi. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya utafutaji, walitangaza kwamba katika bonde la Rukwa mna heliamu nyingi, na uchimbaji wa visima vya majaribio ulianza mwaka 2021. Hiyo ni ile heliamu nzito, iliyozaliwa na miamba mikongwe ya ganda kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Watafiti hao walieleza kwamba joto la volkano za jirani ndilo lililoifungulia mlango ikatoka miambani. Tazama jinsi majirani wanavyosaidiana: mkongwe aliweka akiba, na kijana mwenye moto akaifungua. Gesi hii hupoza mashine kubwa za sumaku zinazompiga mgonjwa picha hospitalini. Vijana wetu wakisoma kemia na fizikia barabara, watakaa mezani wakijua thamani ya kinachouzwa. Wasiposoma, watabaki kusimulia kwamba kilipita.

La tatu ni usalama. Kukosa mlima wa moto si kukosa hatari. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, miongoni mwa makubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika Mashariki tangu hapo. Ufa wa Kanda, unaoukata uwanda wa Ufipa, bado upo. Ndugu unayejenga Sumbawanga, usibanie linta. Izunguke nyumba nzima, na nondo ziwe zimefungwa kwenye pembe, wala usiache kipande kwa sababu saruji imepungua. Kuta zilizoshikana husimama au huanguka pole pole. Kuta zilizoachana huwaangukia waliolala.

Na yule mtoto wa basini? Mwambieni hivi: kwa bibi Tukuyu ardhi ni kijana aliyezaliwa juzi, mwenye nguvu na mwenye hasira. Kwetu Ufipa ardhi ni mzee aliyeona bahari ikija na kuondoka. Kijana hulishwa na damu yake mwenyewe. Mzee hulishwa na watoto wake. Ndiyo maana baba analima matuta.

Mkifika nyumbani, mwacheni aliweke dirishani jiwe lake jeusi lenye punje za kijani. Msilitupe mnapofagia.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.